Mteja wa siri na ujira usiolipwa: jinsi ya kudai ukiwa Mombasa, kutoka kwa mratibu hadi Mahakama ya Madai Madogo

Unaingia mkahawani Nyali kama mtu mwenye njaa zake tu. Unaagiza, unahesabu dakika kimoyomoyo, unakwenda msalani kuangalia kama sabuni ipo, unalipa, unatia risiti mfukoni, kisha usiku unakesha ukijaza fomu ndefu kuhusu tabasamu la mhudumu. Hiyo ndiyo kazi ya mteja wa siri, yaani mtu anayetumwa na kampuni kukagua huduma bila kujitambulisha, na ina raha yake. Tabu huja baada ya miezi miwili, pale ujumbe wa M-Pesa hauonekani na mratibu aliyekuwa akikuita "dear" kila siku hapokei simu.

Nimeifanya kazi hii miaka kadhaa. Mara nyingi nimelipwa bila maneno, mara chache nimezungushwa. Nitakayoeleza hapa ni njia ninayoifuata mimi, na ninayowaelekeza wenzangu wanaponipigia wakiwa wamepandwa na hasira.

Jua kwanza unamdai nani

Mratibu ndiye unayezungumza naye, lakini mfuko si wake. Kazi yake ni kugawa ziara na kuhakikisha ripoti imeingia, na mara nyingi naye ni kibarua huru kama wewe. Mdeni wako ni kampuni uliyojisajili nayo, ile ambayo uliutia tiki mkataba wake bila kuusoma. Tafuta jina lake kamili kwenye mkataba huo, maana jina la kibiashara na jina lililosajiliwa si lazima yafanane. Kama ni kampuni ya Kenya, fungua eCitizen, ingia upande wa usajili wa biashara, uombe taarifa rasmi ya kampuni, ile inayojulikana kama CR12. Humo utaona wakurugenzi na anwani. Ukidai jina lisilokuwepo kisheria, hata ukishinda huna wa kumkamata.

Na tafadhali, usiende kwenye hoteli au benki uliyoikagua ukadai pesa kaunta. Wale hawakukuajiri wala hawakujui. Mikataba hii huwa na kifungu cha usiri, na ukijifichua utakuwa umeipa kampuni sababu ya kukunyima hata kile ulichostahili.

Hesabu siku kabla hujagombana

Kampuni nyingi hulipa siku 30 hadi 60, na hesabu mara nyingi huanzia mwisho wa mwezi, si siku uliyofanya kazi. Tuseme ulifanya ziara tarehe 3 Machi na mkataba unasema siku 45 baada ya mwisho wa mwezi. Unaanza kuhesabu tarehe 31 Machi, kwa hivyo deni linaiva tarehe 15 Mei. Anayepiga kelele tarehe 20 Aprili anajichafulia jina bure, na waratibu huambiana.

Kisha ujue mgogoro wako ni wa aina gani. Kuchelewa ni jambo moja, kukatwa ni jingine. Wakisema wamekata kodi ya zuio, ile anayoikata mlipaji kabla ya kukulipa, omba cheti chake chenye PIN yako; kodi iliyofika KRA, mamlaka ya kodi, kweli haikosi cheti, na utakiona kwenye akaunti yako ya kodi ya mtandaoni, iTax. Mgogoro mgumu kuliko yote ni wa ripoti kukataliwa, kwa sababu hapo kampuni haisemi itakulipa kesho. Inasema huidai kitu.

Yaliyonikuta ni haya. Agizo lilitaka niwe mkahawani kati ya saa sita na saa nane mchana. Niliingia saa saba u nusu, nikaagiza, nikala. Nilipoita bili stima zikapotea. Mashine ya risiti ikazimika, jenereta ikachukua muda wake, na risiti ilipotoka ikasoma 14:07. Siku ya tatu mhariri, yule anayekagua ripoti kwa niaba ya kampuni, akaandika neno moja tu kwamba niko nje ya muda, ripoti imekataliwa. Ujira ulikuwa shilingi 1,200, chakula nilichokilipa kutoka mfukoni mwangu shilingi 1,850. Vyote vikaruka kwa ajili ya dakika saba.

Kilichoniokoa ni vitu viwili. Picha ya meza niliyoipiga 13:34, yenye saa ndani ya faili lake. Na ujumbe niliomtumia mratibu nikiwa bado nimekaa kwenye joto lile: "Stima zimepotea, risiti itachelewa kutoka. Niendelee au niache?" Akajibu, "Endelea." Neno hilo moja ndilo lililonirudishia pesa zote za chakula na nusu ya ujira. Ningepiga simu badala ya kuandika, ningebaki na hadithi tu.

Kwa hivyo weka faili la kila ziara tangu siku unayoikubali: tangazo la kazi lenye kiasi cha ujira, uthibitisho kwamba umepewa, maagizo, risiti, picha, nakala ya ripoti uliyotuma na saa uliyoituma, na alama uliyopewa na mhariri. Maagizo yapige picha ya skrini siku hiyohiyo. Baada ya kazi kufungwa huenda yakatoweka kwenye akaunti yako, na kuna kampuni hubadilisha akaunti nzima ikawa haifunguki unapoanza kuuliza pesa.

Andika kwa mratibu, mara mbili, kwa adabu

Mratibu akiwa upande wako kazi imekwisha nusu. Akikukasirikia, amekuwa shahidi wao. Ujumbe wangu wa kwanza huwa mfupi, kwa barua pepe na si WhatsApp peke yake:

"Habari za asubuhi, dada. Nafuatilia malipo ya ziara ya tarehe 3 Machi, ujira shilingi 1,200 na marejesho ya shilingi 1,850, jumla 3,050. Kwa mujibu wa mkataba yalitakiwa kufika tarehe 15 Mei. Naomba unieleze yamefikia wapi, na kama si wewe unayeshughulikia, unielekeze kwa mhusika. Nimeambatanisha risiti na uthibitisho. Shukran."

Hapo hakuna kulaumu. Kuna tarehe, kiasi, na swali linalohitaji jibu. Subiri siku saba. Ukikosa jibu, jibu juu ya barua hiyohiyo ili mnyororo usikatike, na safari hii mtie nakala mhasibu au mkuu wa waratibu. Akikupigia simu kukutuliza, msikilize vizuri, ukikata mwandikie: "Asante kwa simu ya leo. Nimeelewa kwamba malipo yataingia Ijumaa." Asipokanusha, umepata kitu.

Barua ya madai

Baada ya hapo mratibu anatoka kwenye picha. Barua inakwenda kwa kampuni, kwa jina lake lililosajiliwa, kwa barua pepe na kwa anwani ya ofisi. Ukurasa mmoja unatosha. Juu andika KUH: MADAI YA SHILINGI 3,050 KWA KAZI YA TAREHE 3 MACHI. Chini eleza makubaliano, ulichofanya, wanachodaiwa, siku ulizowaandikia, kisha wape siku 14 na useme wazi kwamba zikipita utafungua madai mahakamani. Usitishie polisi. Kutolipwa ujira ni deni, si jinai, na pale kituoni watakurudisha mahakamani vilevile. Habari ni nyingine kama uliombwa wewe utume pesa kwanza, ama ulipewa hundi uiweke benki kisha utume sehemu yake mahali: huo ni utapeli, na huo upeleke polisi mbio.

Kwa nini si ofisi ya leba

Hapa ndipo wengi wanapopoteza nauli. Mkataba wako unakuita mkandarasi huru: unachagua kazi, hukatwi NSSF, huna bosi wala saa za kuripoti. Ofisi ya leba na Mahakama ya Ajira ni za mwajiri na mwajiriwa. Mlango wako ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kusikiliza kesi Nairobi mwaka 2021, na Mombasa ipo. Inapokea madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, yakiwemo ya mikataba ya huduma, na sheria hiyohiyo inaizuia kusikiliza mambo ya ajira. Kwa hivyo ukiandika kwenye hati yako "mwajiri wangu" na "mshahara wangu", unampa mdaiwa njia ya kukutoa mlangoni. Andika "mkataba wa huduma" na "ujira uliokubaliwa".

Kufungua madai

Madai hufunguliwa kwa mfumo wa mtandaoni wa Idara ya Mahakama. Unajisajili kwa kitambulisho na nambari ya simu, unachagua Mahakama ya Madai Madogo ya Mombasa, unapakia hati, mfumo unakukadiria ada na unailipa kwa simu. Kama huna kompyuta, saiba yoyote itakufanyia, ila uketi mwenyewe kwenye kiti na ufunge akaunti yako unapotoka. Ukikwama, nenda masjala ya mahakama asubuhi na mapema. Nimewakuta watu wapole pale kuliko nilivyotarajia.

Hati ya madai ijazwe kwa maneno ya kawaida. Taja kwamba kazi ilifanyika Mombasa, mtaa gani, kwa sababu mahakama huangalia mkataba ulitekelezwa wapi na mdaiwa anaishi au anafanyia wapi biashara. Kama kampuni hiyo haikukulipa ziara tano, ziweke zote katika dai moja lenye jedwali: tarehe, mahali, ujira, marejesho, jumla. Dai la shilingi 3,050 peke yake, kusema kweli, mimi ningeliishia kwenye barua. Nauli ya tuktuk na siku za kwenda mahakamani zitalila. Lakini una miaka sita ya kudai deni la mkataba, basi hakuna ubaya kusubiri uone kama madeni mengine yatajirundika juu yake.

Picha za skrini na barua pepe ambatanisha pamoja na cheti cha ushahidi wa kielektroniki, kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Jina linatisha ila ni karatasi moja: unaeleza ni simu au kompyuta gani ilitumika, kwamba ilikuwa ikifanya kazi sawasawa, jinsi ulivyozitoa na kuzichapisha picha hizo, kisha unatia sahihi. Mahakama hii haibanwi na kanuni zote za ushahidi, lakini cheti humnyima mdaiwa la kusema.

Mdaiwa lazima afikishiwe hati, na mahakama ione uthibitisho kwamba amefikishiwa. Usilichukulie jambo hili kimzaha, maana kesi nyingi nyepesi hukwama hapo. Akinyamaza baada ya kupata hati, unaweza kuomba hukumu bila yeye. Akijitokeza, mwamuzi, ambaye ni wakili mwenye uzoefu wa angalau miaka mitatu, anaweza kuwauliza kama mko tayari kupatana nje. Kubali kusikiliza. Kampuni haipendi kueleza hadharani jinsi inavyotuma wateja wa siri, na mwenye siri hulipa upesi.

Huhitaji wakili, unaweza kujisimamia, kwa Kiswahili. Sheria inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60 tangu lifunguliwe. Rufaa huenda Mahakama Kuu na ni kwa hoja za kisheria tu, kwa hivyo ukweli wa dakika saba na picha ya 13:34 unaamuliwa palepale mara moja. Panga ushahidi wako kwa tarehe, na ujue kuusimulia kwa dakika tano.

Kampuni ikiwa ng'ambo

Kampuni nyingi zinazotugawia kazi ziko Uingereza, Marekani au kwingineko, na hulipa kwa PayPal. Hapo angalia kwanza mambo madogo: barua pepe ya PayPal uliyowapa ndiyo ile uliyoisajili? Nimeona mtu akigombana mwezi mzima na kosa ni herufi moja. Kisha soma mkataba unasema sheria ya nchi gani. Hukumu ya Mombasa dhidi ya kampuni isiyo na ofisi wala akaunti Kenya ni karatasi nzuri ya kufungia mahamri. Njia yenye matumaini ni MSPA, chama cha kampuni za wateja wa siri, chenye tawi la Ulaya na Afrika na kanuni za maadili kwa wanachama. Hakikisha kampuni ni mwanachama, halafu uwaandikie ukiambatanisha faili lako lote. Na usikubali ziara nyingine kutoka kwao hadi ya kwanza ilipwe, hata mratibu akikuongezea bonasi.

Wakikulipa ukiwa umeshafungua madai

Hutokea sana, tena usiku wa kuamkia siku ya kusikilizwa. Usikae kimya ukadhani yamekwisha. Linganisha kiasi na dai lako, pamoja na ada uliyolipa mahakamani. Kikipungua, wajulishe kwa maandishi kwamba umepokea sehemu tu na salio unaendelea kulidai. Kikitimia, wasilisha taarifa ya kuondoa madai kwenye mfumo uleule, na uweke nakala ndani ya faili la ziara ile, nyuma ya risiti.