Mgeuze Simba: Namna ya Kujifunza kwa Mchoraji wa Wanyama Bila Kuwa Kivuli Chake

Mwaka niliomaliza shule nilikuwa na picha moja tu ya kujivunia: simba dume amelala kwenye nyasi kavu, uso ameuelekeza kushoto. Niliinakili kutoka kwenye jarida kuukuu lililokuwa dukani kwa mjomba, hapa Nakuru. Mchoraji alikuwa Simon Combes. Mwenye hoteli mmoja akaipenda, akainunua, akaitundika juu ya kaunta. Wiki mbili baadaye akaniita: "Nataka mwingine wa ukuta ule. Awe huyuhuyu, ila huyo awatazame wateja."

Nikasema hakuna shida. Siku tatu nikahangaika na penseli. Simba akatoka na sura ya mbwa aliyeumwa na nyuki. Pesa za malipo ya awali nilikuwa nimeshakula, kwa hiyo nilizirudisha kidogo kidogo hadi Krismasi.

Siku hizi Jumamosi nafundisha vijana kuchora, chini ya mwembe uani kwangu, na kila anayeniletea picha aliyonakili humpa mtihani uleule wa mwenye hoteli: mgeuze. Mchore mnyama huyohuyo akikutazama, kisha mchore akikupa kisogo. Ukishindwa, hujamjua mnyama. Umemjua mchoraji tu, tena upande wake mmoja.

Anza kwa kuchagua mchoraji mmoja, na picha zake tatu, zisizidi. Mimi nilibaki na Combes kwa sababu alikuwa jirani wa namna fulani. Alizaliwa Uingereza mwaka 1940, akaletwa Kenya angali mtoto, akawa mwanajeshi kabla ya kuishi kwa brashi, na chuo cha sanaa hakukanyaga. Alisifika kwa paka wakubwa: simba, chui, duma. Desemba 2004 nyati alimuua karibu na nyumbani kwake, kwenye hili hili Bonde la Ufa letu. Huwa nawaambia wanafunzi habari hiyo mapema ili wajue kwamba wanyama wake hawakutoka kitabuni.

Kisha nakili, usione haya. Ila nakili kwa hatua. Mara ya kwanza chora bila manyoya: fuvu, mstari wa uti wa mgongo, mabega, nyonga. Simba wengi wa wanafunzi huwa shuka la manyoya lisilo na kitu ndani. Mara ya pili sahau mistari, paka vivuli tu kwa mkaa wa jikoni, ukijiuliza jua liko wapi. Mara ya tatu funika picha ya mchoraji uchore kwa kumbukumbu. Pale utakapokwama, labda ni kiwiko, labda ni mahali sikio linapoungana na kichwa, ndipo pa kurudi kutazama. Nyuma ya nakala andika kwamba ni nakala na jina la mchoraji wa picha ya awali. Usitie sahihi yako mbele, na usiiuze kama nilivyofanya mimi.

Sasa kugeuza. Simba hutampata mtaani, lakini paka yupo. Mtazame akinyemelea mjusi: mifupa ya mabega hupanda juu ya mgongo, kushoto, kulia, kama pistoni. Simba ni vivyo hivyo. Keti naye nusu saa, umchore kutoka mbele, nyuma, na juu ukiwa umesimama kwenye stuli. Tofauti nazo zijue. Mboni ya paka wa nyumbani juani huwa kama ufa wa mlango, ya simba hubaki duara. Nimeona mabango mengi ya simba barabarani yenye macho ya paka, na kila nikipita nacheka peke yangu ndani ya matatu.

Karibu kila mnyama wa mbuga ana mwalimu wa nyumbani. Mbuzi atakufundisha miguu ya swala. Kuku ndiye profesa wa heroe, yule ndege wa waridi mwenye miguu mirefu. Mwanafunzi akichora heroe huniuliza kwa nini goti linakunjika kinyume. Lile si goti, ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe limejificha juu, kwenye manyoya. Siku kukichinjwa kuku nyumbani, shika paja kabla halijaingia sufuriani, ukunje na kukunjua uone mifupa inavyofuatana. Ukishaelewa hapo, heroe wako hataanguka.

Baada ya hapo toka nje. Ukipata nafasi ya kuingia Mbuga ya Ziwa Nakuru, na safari za shule ndizo rahisi zaidi, usishinde ukipiga picha kwa simu. Chagua mnyama mmoja mvivu. Nyati aliyelala anacheua ni zawadi. Twiga wa pale ni wale wa Rothschild, na miguu yao chini ya goti haina mabaka, kama waliovaa soksi nyeupe. Asiyetazama huwajazia mabaka hadi kwenye kwato. Vifaru wako wa aina mbili: mweupe ana mdomo mpana wa kung'ata nyasi, mweusi mdomo wake umechongoka wa kuvuta vijiti. Rangi yao isikudanganye, wote ni kijivu, na wote huvaa rangi ya tope walilogaagaa.

Ukienda, chora unachokiona, si kadi ya posta. Ziwa limepanda sana tangu miaka ya 2010, likameza ufuo na sehemu kubwa ya msitu wa migunga. Kuna siku heroe ni wachache, wengine wamehamia maziwa ya Bogoria au Elementaita, na mbele yako ni vigogo vikavu vimesimama majini. Mwanafunzi mmoja alirudi amenuna eti hakukuta kitu. Nikamfungulia daftari lake: amechora kigogo kimoja na ndege mnandi juu yake, amekunjua mabawa ayakaushe. Hakuna mchoraji wa kigeni aliyemwonyesha ile.

Aliye Kisumu ana raha yake. Hifadhi ya swala pala iko palepale mjini kando ya Ziwa Victoria, na mbele kidogo ni Dunga, ambako mafunjo ni marefu na ndege fundichuma hutembea miongoni mwa mitumbwi kama mkaguzi. Swala pala ukimwona kwa nyuma, kuna mistari mitatu myeusi, ule wa mkia na mmoja kila paja. Kisogo hicho peke yake kingeweza kuwa picha.

Mnyama hatulii, hilo ndilo lalamiko la kila siku. Usimkimbize. Gawa ukurasa mahali sita, anza michoro sita. Akigeuza kichwa, hamia mchoro wa pili. Akihama tena, wa tatu. Baada ya dakika chache atarudi kwenye mkao wa kwanza, nawe urudi kule. Raba iache nyumbani. Inakula muda na kutoboa karatasi.

Vifaa visikutishe. Nenda kwa fundi wa fanicha uombe vipande vya hadibodi, upake rangi nyeupe ya ukuta mara mbili, upige msasa kidogo katikati. Rangi za akriliki nne zinatosha: nyeupe, njano ya udongo, nyekundu ya kahawia na buluu iliyokolea. Nyeusi ya chupa nimepiga marufuku uani kwangu. Changanya buluu na ile kahawia upate giza lenye uhai. Ongeza nyeupe ndipo upate kijivu cha kifaru, cha wingu, cha lami. Kwa heroe utahitaji nyekundu kali kidogo, lakini kidogo kweli. Rangi yake hutokana na chakula, mwani wa ziwa la magadi, ndiyo maana mmoja amekolea na mwenziwe karibu awe mweupe. Wanafunzi huwapaka wote rangi ya bazoka. Tena wanasahau kwamba akifungua bawa, manyoya ya ukingoni ni meusi.

Sehemu ngumu ni ya mwisho, kupata cha kwako, na hapa sina hatua za kuhesabu. Nina kisa cha kijana mmoja tu, wa kidato cha tatu, aliyenijia na chui watatu wa Combes, safi kabisa. Nikamwambia awageuze, akaweza wawili. Nikamuuliza, "Ukiachwa peke yako bila kuambiwa, huchora nini?" Akaona aibu. "Matatu, Mwalimu." Daftari la nyuma lilikuwa matatu tupu, hadi nati za magurudumu.

Nikamsimulia habari za David Shepherd, Mwingereza aliyekuja Kenya mwaka 1949 akitaka kuwa mlinzi wa wanyamapori, akakataliwa. Akaishia kuchora ndege za kuruka. Mwaka 1960 jeshi la anga la Uingereza lilimwagiza picha ya wanyama, akamchora kifaru akifukuza ndege kwenye uwanja. Huyo aliyesifika duniani kwa tembo alianzia kwenye chuma alichokijua.

Kijana hakusema kitu. Jumamosi iliyofuata hakuja, na ya pili pia. Ya tatu akaja na hadibodi imefungwa kwa gazeti. Stendi ya matatu asubuhi, mvua imetoka kunyesha, na juu ya keria ya Nissan wamekaa marabu wawili, wale korongo wakubwa wenye kipara wanaoshinda jalalani. Mmoja anatupa kisogo. Miguu amewapaka nyeupe chafu, na palipobanduka panaonekana weusi. Nikamuuliza kwa nini. "Mwalimu, miguu yao ni myeusi. Weupe ule ni kinyesi chao wenyewe, wanajinyea wapoe. Nilikaa pale tangu saa kumi na mbili nikawaona."

Chui hakuwapo popote. Ila mabega ya yule aliyetupa kisogo yalikuwa yamepanda juu ya mgongo, na mwanga ulitoka upande mmoja, chini, kama kwenye picha alizonakili. Nilimwambia arudi stendi amchore kondakta naye, kwa mbele.