Taarifa tatu za saa moja, antena moja: kompyuta ya kurekodi televisheni

Saa moja jioni ndipo Citizen Nipashe, KTN Leo na NTV Jioni zinapogongana, na saa moja jioni ndipo mimi na nusu ya Likoni tuko kwenye foleni ya feri. Mamangu yuko nyumbani, lakini rimoti ni moja na wajukuu ni wengi. Kwa hivyo nyuma ya televisheni yetu pana kompyuta ya mtumba inayorekodi taarifa zote tatu kwa mpigo. Nikishaoga na kula, mimi na mama tunazitazama moja baada ya nyingine, matangazo ya sabuni tukiyaruka.

Watu wakisikia chaneli tatu hudhani nina tyuna tatu, yaani vifaa vitatu vya kushika mawimbi ya televisheni. Ninayo moja. Tangu Kenya izime analogi mwaka 2015, chaneli hazirushwi moja moja. Zinafungwa pamoja, kundi zima kwenye masafa mamoja, na kundi hilo huitwa multipleksi. Royal Media, Nation na Standard wana mtandao wao wa pamoja wa kurusha, ADN, ndiyo sababu Citizen, NTV na KTN husafiri pamoja. Tyuna ikishashika masafa yale, chaneli zote zilizomo zimeshaingia ndani ya kompyuta, na kuhifadhi tatu hakuna ugumu zaidi ya kuhifadhi moja, ila diski itajaa upesi. KBC iko kwa Signet, mtandao wake yenyewe wa kurusha, masafa mengine kabisa. Ukiitaka nayo dakika ileile, hapo ndipo utahitaji tyuna ya pili. Chaneli za kulipia, za GOtv na wenzake, zimefungwa kwa msimbo na mpango huu hauzifungui.

Kompyuta yenyewe isikutie hasara. Picha inafika ikiwa imeshabanwa huko ilikotoka, na mashine inaandika tu kwenye diski kile inachopokea. Dell OptiPlex au HP ndogo ya ofisini, Core i3 au i5 ya zamani, RAM GB 4, yatosha na kubaki. Zimejaa madukani mjini. Mwenye kuhesabu tokeni za stima achague Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya bodi moja. Mashine inayokula wati 25 usiku na mchana inamaliza uniti 18 kwa mwezi, na Pi ya wati 5 haifiki uniti 4. Mimi nilichukua ya ofisini kwa sababu diski ya kawaida inaingia ndani yake bila kuning'iniza nyaya.

Pesa unayookoa hapo iweke kwenye tyuna. Ile ya USB inayouzwa kwa bei ya chai, yenye maandishi ya DVB-T peke yake, haitapokea chochote, maana hicho ni kiwango cha zamani cha televisheni ya dijitali, na Kenya inarusha kwa DVB-T2. Soma boksi mpaka uione hiyo 2. Halafu uliza imejengwa kwa chipu gani. Zenye Si2168 zinakubaliana vizuri na Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta, mfano Hauppauge WinTV-soloHD, au dualHD ambayo ni tyuna mbili katika kifaa kimoja. Usiichomeke moja kwa moja nyuma ya mashine, kwa sababu hupata joto. Ipe waya mfupi wa USB ipumue.

Sasa antena, na hapa sitaki haraka, kwa sababu rekodi inayokatika-katika chanzo chake ni paani mara tisa kati ya kumi. Unataka antena ya UHF ya nje, inayoshika MHz 470 hadi 694. Kabla ya kupanda, tazama za majirani: zimeelekea wapi, na vijiti vyake vimelala au vimesimama. Fuata wengi. Shusha waya wa RG6, ule mnene wa ohm 75, si ule mwembamba mweupe wa kupimiwa kwa mita sokoni. Sisi wa pwani tuna adui mwingine, upepo wa chumvi. Kiungio cha shaba kisichofunikwa huota kutu ya kijani kabla mwaka haujaisha, na picha inaanza kuganda mvua ikinyesha. Paka silikoni, zungushia tepu ya mpira, kisha kunja waya kidogo kwenda chini kabla haujaingia dirishani ili maji yadondokee nje. Kikuza mawimbi usikinunue kabla hujajaribu bila hicho. Ukiwa karibu na mtambo, kitaizidishia tyuna nguvu na chaneli zitapotea badala ya kuongezeka.

Kwenye kompyuta nimeweka Debian, aina moja ya Linux, na juu yake Tvheadend, programu ya bure inayofanya kazi yote. Anayeogopa kuandika amri aweke LibreELEC, ambayo ni mfumo unaokuja na Kodi, programu ya kutazamia video, ikiwa tayari, kisha aongeze seva ya Tvheadend kutoka orodha ya nyongeza zake. Chomeka tyuna na uangalie kama mashine imeiona:

ls /dev/dvb
sudo dmesg | grep -i si2168

Ukiona adapter0, umevuka. Ukiona malalamiko kuhusu faili la firmware (programu ndogo inayoiamsha tyuna) lenye mwisho wa .fw, pakua faili la jina lilelile, litie ndani ya /lib/firmware, zima mashine kabisa na uwashe upya.

Tvheadend inaendeshwa kwa kivinjari. Kwenye simu au kompyuta nyingine ya nyumbani andika anwani ya mashine, nukta mbili (:), 9981. Jina na nywila ni zile ulizochagua wakati wa kuiweka. Ingia Configuration, DVB Inputs, na chini ya Networks uunde mtandao wa aina ya DVB-T. Nenda TV adapters, washa tyuna yako na uiunganishe na mtandao huo. Kisha fungua Muxes, yaani multipleksi, uongeze masafa kwa mkono.

Masafa utayatoa wapi? King'amuzi chako kinayajua. Weka Citizen, bonyeza Info kwenye rimoti mara mbili, na vingi vitakuonyesha namba ya mkondo au MHz zenyewe. Kikitoa namba ya mkondo, izidishe kwa 8 kisha ongeza 306. Mkondo wa 30 ni MHz 546. Tvheadend inataka hezi (Hz) kamili, kwa hivyo utaandika 546000000, delivery system DVBT2, upana MHz 8. Hifadhi, subiri dakika moja mbili, na majina ya chaneli yataanza kujipanga chini ya Services. Chagua Map services ziwe chaneli.

Kabla ya kushuka na ngazi, fungua chaneli moja na umwite mtu asimame mbele ya ukurasa wa Status, sehemu ya Stream, huku wewe ukizungusha antena polepole. Asikusomee asilimia za nguvu ya mawimbi, hizo hudanganya. Akusomee SNR, yaani mawimbi yanavyoishinda kelele, na akwambie kama Continuity errors, hesabu ya vipande vilivyopotea njiani, inapanda. Mimi nikisikia dB 22 kwenda juu na makosa yamesimama, nakaza nati.

Diski iwe peke yake, mbali na ile yenye mfumo. Ipange kwa ext4, mpangilio wa diski wa Linux, uiunganishe na folda ya /srv/tv kupitia fstab, faili linaloorodhesha diski za mashine, na umpe Tvheadend ruhusa ya kuandika:

sudo chown -R hts:video /srv/tv

Kukadiria nafasi ni rahisi: kila megabiti 1 kwa sekunde ni MB 450 kwa saa. Chaneli ya megabiti 4 inakula GB 1.8 kwa saa, hivyo TB 1 inabeba zaidi ya saa 500. Ndani ya Recording chagua folda hiyo na stream profile ya pass, isibadilishe chochote kwenye picha. Weka pia muda wa kufuta. Taarifa zetu zinajifuta baada ya wiki, tamthilia za mama hazifutwi, na hilo halina mjadala.

Ratiba ya vipindi inayokuja na mawimbi usiitegemee sana. Siku nyingine iko, siku nyingine ni tupu, na Autorecs, rekodi zinazojipanga zenyewe kwa jina la kipindi, inategemea ratiba hiyo. Kwa taarifa tumia Timers: chagua chaneli, siku zote saba, 18:55 hadi 20:10. Kumbuka saa ni ya mfumo wa 24, saa moja yetu ni 19:00. Dakika za ziada ni lazima, kwani hakuna kituo kinachoanza taarifa kwa sekunde.

Kisha stima. Ikipotea alasiri na kurudi saa kumi na mbili, mashine lazima ijiwashe yenyewe bila kungoja mtu. Ingia BIOS, mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka, tafuta AC Recovery au After Power Loss, weka Power On. Wakati uko humo, angalia saa. Mashine ya mtumba mara nyingi betri yake ya CR2032 imekufa, na baada ya stima kukatika inaamka ikidhani ni mwaka mwingine. Betri mpya ni bei ya soda. UPS ndogo, betri ya akiba, pia inafaa, si kwa ajili ya saa nyingi, ni ya kuvuka ule mkatiko wa dakika mbili katikati ya kichwa cha habari.

Kwa kutazama, weka Kodi kwenye televisheni pamoja na nyongeza ya Tvheadend HTSP, uipe anwani ya mashine na bandari 9982. Kwenye simu VLC inatosha. Bandari hizo ziache ndani ya nyumba, usizifungue kwenye ruta, na rekodi zibaki za kutazama sebuleni, si za kupakia YouTube, maana ni mali ya wenyewe.