Bunduki ya Mjerumani, cheki namba kabla ya bei
Wakuu mlioko Tanga, mtu akikuonyesha Mauser 71 (ile bunduki ya Kijerumani ya muundo wa 1871) akasema ilipigana hapa 1914, Vita ya Kwanza ya Dunia, usikimbilie kutaja bei. Kagua namba zilizogongwa kwanza, kwenye mtutu, komeo (bolt), mpaka skrubu, vipande vidogo huwa vina tarakimu 2 za mwisho tu, zikiendana zote thamani inapanda kweli, zikipishana ujue imeungwaungwa. Halafu tundu la mtutu wa 71 ni milimita 11, na unapakia risasi moja moja kila unapopiga, tundu likiwa dogo kama milimita 8 hiyo siyo 71. Na jamani msipige msasa wala kupaka vanishi kwenye mbao, inaniuma sana nikiona, ule ukongwe ndo unaolipiwa! Kibali cha polisi kiwe mkononi kabla hujatoa hata advansi.