Kabla ya kujaza mafuta ugenini

Aliyezoea kumwambia mhudumu "weka ya elfu hamsini" huku amekaa kwenye kiti chake, akikodi gari Ulaya au Marekani atashuka ajaze mwenyewe. Yapo mambo ya kuyajua kabla taa ya mafuta haijawaka.

La kwanza na kubwa kuliko yote ni gari linatumia nini. Siku ya kukabidhiwa, fungua kifuniko cha tangi mbele ya aliyekukodisha, soma kilichoandikwa, upige picha. Usitegemee rangi hata kidogo. Uingereza, mpini wa kijani kwenye pampu ni petroli na mweusi ni dizeli. Marekani kijani mara nyingi ni dizeli, na Japani pia kijani ni dizeli, petroli ya kawaida ikiwa nyekundu. Majina nayo yanaponza: "gazole" ya Ufaransa na "gasóleo" ya Hispania zote ni dizeli. Katika nchi za Umoja wa Ulaya tafuta alama zilizoanza kutumika mwaka 2018: petroli ni herufi E ndani ya duara, dizeli ni B ndani ya mraba.

Mwenye gari la dizeli awe makini zaidi. Mdomo wa pampu ya dizeli kwa kawaida ni mnene, haupiti kwenye tangi la petroli, lakini ule wa petroli ni mwembamba na unaingia popote. Ukishakosea, tafadhali usiwashe gari, hata kwa kulisogeza pembeni tu. Lisukumwe, kisha mpigie aliyekukodisha.

Malipo: pampu nyingi za Marekani huuliza postikodi ya tarakimu 5, na kadi ya benki ya kwetu hukwama hapo. Ingia dukani, taja namba ya pampu, lipa kwanza. Hesabu ni kwa galoni, karibu lita 3.8. Acha salio la ziada kwenye kadi, maana pampu inaweza kuzuia kwa muda pesa nyingi kuliko ulizotumia.

New Jersey, mojawapo ya majimbo ya Marekani, ni tofauti: tangu 1949 sheria inakataza kujijazia petroli, kwa hiyo subiri mhudumu. Italia utachagua mwenyewe, ila pampu iliyoandikwa "servito", yenye mhudumu, bei yake huwa juu. Afrika Kusini wahudumu wapo kama kwetu, nao hufuta kioo; weka sarafu za bakshishi karibu.