Ukijutia Kuuza Subaru Yako: Namna ya Kuitafuta na Kuinunua Tena

Mwongozo huu umeandikwa kwa mtu anayeishi Kenya aliyeuza Subaru Impreza WRX STI ya toleo la GDB, lile lililoundwa kati ya mwaka 2000 na 2007, kisha akajikuta akigeuza shingo kila asikiapo mlio wa injini ya boksa, ile ambayo pistoni zake hulala ubavu, barabarani. Majuto ya namna hii yana uzito wa pekee. Aliyeuza Vitz au Probox anaweza kupata nyingine bila taabu, lakini GDB haiagiziki tena kutoka Japani, kwa kuwa kiwango cha KS 1515 kinachosimamiwa na Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, hakiruhusu kuingiza nchini gari lililotumika ambalo limepitisha miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Zilizopo nchini ndizo hizo hizo, na kila moja inayogongwa au kufunguliwa kwa ajili ya vipuri hupunguza hesabu. Ndiyo maana nasisitiza kwamba uamuzi wa kulitafuta gari lako au kuliacha liende ufanywe mapema, maana gari la aina hii likishapita katika mikono miwili au mitatu huwa limebadilishwa mengi.

Kabla ya kumpigia mtu yeyote simu, pambanua kwanza ni kitu gani hasa unachokijutia. Jiulize kama ungeridhika kupewa GDB nyingine ya mwaka ule ule, rangi ile ile na hali nzuri kuliko ile uliyouza. Ukiona kwamba ungeipokea kwa furaha, basi unachokikosa ni aina ya gari, na utafutaji wako utakuwa mpana na wenye matumaini zaidi. Ukiona kwamba hapana, kwamba ni lile lile ulilolitunza kwa mkono wako, ulilolijua kila msukosuko wake, basi unalitafuta gari moja tu duniani na itakubidi uwe mvumilivu. Wapo pia ambao majuto yao ni ya bei: waliuza kwa haraka, wakapunjwa na dalali, na sasa wakiona magari kama hayo yanauzwa ghali wanaumia. Kwao nasema wazi kwamba kulinunua tena gari hilo kwa bei ya leo hakutawarudishia fedha walizopunjwa, bali kutaongeza hasara.

Irejee pia sababu iliyokufanya uuze. Kama ilikuwa karo ya watoto, ujenzi au gharama ya mafuta, na sababu hiyo ingali palepale, gari likirudi litarudi na mzigo ule ule. Injini ya EJ207 iliyomo ndani ya STI ya Kijapani ilipangiwa petroli ya daraja la juu ya nchi hiyo, na kuiendesha kwa mafuta ya oktani ndogo, yaani ya daraja la chini, ni kuihatarisha, kwa hiyo gharama yake ya kila wiki haipunguziki kwa kubana matumizi. Simkatazi mtu kulipenda gari la namna hii, maana nalipenda mimi mwenyewe kwa dhati. Ninachoomba ni kwamba hesabu ya mafuta, bima na matengenezo ya mwaka mzima iandikwe kwenye karatasi na isomwe pamoja na mtu mnayeshirikiana naye mapato ya nyumbani.

Kuhusu sheria, jambo ni fupi. Mkishakubaliana, fedha zikalipwa na gari likakabidhiwa, mauzo yamekamilika, na majuto ya muuzaji hayampi haki yoyote ya kulidai. Hatari iko kwa wale ambao wangali na majina yao kwenye kumbukumbu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, kwa sababu mnunuzi hakukamilisha uhamisho wa umiliki. Sheria ya Trafiki inamtaka muuzaji aarifu kuhusu mauzo ndani ya siku 7, na hairuhusu gari kutumika barabarani kwa zaidi ya siku 14 kabla ya mmiliki mpya kusajiliwa. Isitoshe, mwenye jina kwenye usajili huchukuliwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ukiligundua jina lako bado liko pale, usilitumie kumshurutisha mnunuzi akurudishie gari. Huo si uungwana, na mahakamani hautakusaidia. Anzisha uhamisho kupitia eCitizen, umwombe akubali upande wake, kisha mazungumzo ya kulinunua tena yafuate yakiwa safi.

Sasa utafutaji wenyewe. Kusanya kila karatasi uliyobaki nayo: nakala ya logbuku, mkataba wa mauzo, vyeti vya zamani vya bima, risiti za gereji na picha. Kitu cha thamani kuliko vyote humo ni nambari ya chasisi, kwa kuwa rangi hubadilishwa, magurudumu hubadilishwa, hata injini hubadilishwa, lakini nambari hiyo ndiyo itakayokuhakikishia kwamba gari lililo mbele yako ndilo. Mpigie simu yule uliyemuuzia kabla ya kufanya jambo lingine lolote, kwani mara nyingi gari huwa lingali kwake, au anamjua aliyelichukua. Akiwa hapatikani, omba kumbukumbu za gari kupitia huduma za NTSA, ambazo huonyesha jina la mmiliki wa sasa na kama gari limewekwa dhamana ya mkopo. Jina hilo litumie kwa staha. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na hata isingekuwapo, kumtokea mtu langoni kwake kwa ghafla au kulisambaza jina lake kwa wapenzi wengine wa Subaru ni kumkosea heshima na kuufunga mlango wa mazungumzo.

Njia ambayo mimi naiamini zaidi ni ya mafundi. Subaru za tabo, yaani zenye kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini, hazitengenezwi na kila mtu. Mafundi wanaozijua ni wachache katika kila mji, na wenye magari hayo huambiana majina yao. Nenda kwa fundi aliyekuwa akilihudumia gari lako, mwachie nambari yako ya simu na umwombe akufikishie salamu kwa mmiliki endapo litaletwa. Pita pia kwa wauza vipuri wa Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, pale ambapo wengi bado wanapaita Grogan, kwani anayetafuta kipuri cha GDB hupita huko siku moja. Wiki ya Safari Rally kule Naivasha, tangu mashindano hayo yaliporejea katika ratiba ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, huwavuta wenye Subaru kutoka kila pembe ya nchi. Mapenzi yetu kwa gari hili yalianzia kwenye vumbi la mashindano hayo, dereva Colin McRae aliposhinda na Impreza mwaka 1997 na mwenzake Richard Burns akafuata na nyingine mwaka 2000, na sioni ajabu kwamba watu wangali wanalipeleka kulekule.

Ukimpata mmiliki, ujumbe wako wa kwanza uwe mfupi na wa kweli. Unaweza kuandika hivi: "Habari yako, Bwana. Niliwahi kulimiliki gari unaloliendesha sasa, na nimefurahi kusikia kwamba liko salama. Ninazo risiti za matengenezo yake ya zamani, na ningependa kukupa nakala hata kama hukusudii kuliuza. Iwapo siku moja utaamua kuliuza, naomba unikumbuke kabla ya kulitangaza." Kuna watakaokuonya kwamba ukijitambulisha kama mmiliki wa zamani bei itapanda. Huenda ikapanda kidogo, lakini sikubaliani na kumtuma mtu mwingine akajifanya mnunuzi wa kawaida, kwa sababu mwenye gari akiugundua ujanja huo baadaye, na kwenye jamii ndogo kama hii hugundua, hatakuuzia kwa bei yoyote. Akikataa, shukuru, mtumie risiti ulizoahidi, na usimsumbue. Watu wengi huuza gari la aina hii ndani ya miaka michache, na atamkumbuka yule aliyemtendea wema.

Akikubali, hapo ndipo penye kazi kubwa, na hapo ndipo mapenzi yanapoweza kukupotosha, kwa sababu utaliangalia gari ukiliona kama ulivyoliacha. Likague kama gari la mtu usiyemjua. Mwombe mmiliki asiiwashe injini kabla hujafika, kwa maana injini ikiwa baridi ndipo inaposema ukweli: sikiliza kishindo cha chuma kinachofuata mzunguko wa injini, ambacho huweza kuashiria beringi zilizokwisha, na tazama moshi wa samawati kwenye ekzosi, unaoonyesha kwamba oili inaungua. Fundi apime mgandamizo wa silinda zote nne, na vipimo visitofautiane kwa zaidi ya takriban asilimia 10. Afungue mabomba ya tabo aone kama mhimili wake unacheza au kama kuna oili nyingi ndani. Aulize pia kama programu ya kompyuta ya injini imebadilishwa ili kuongeza nguvu, na nani aliyeibadilisha, kwani ubadilishaji wa kubahatisha huvunja pistoni.

Linganisha nambari ya injini na ile iliyo kwenye nakala yako ya logbuku. Injini ya STI ikifa, mwenye gari mara nyingi huweka nyingine kutoka kwa Forester au Legacy, kwa kuwa zinaingia bila shida kubwa na ni rahisi kuzipata. Si kosa kama mabadiliko hayo yamesajiliwa, lakini gari la namna hiyo halina tena moyo uliokuwa ukiukumbuka, na bei yake lazima ionyeshe hivyo. Ihesabu pia gia. STI ya GDB ilitoka kiwandani na giaboksi ya gia sita, ilhali WRX ya kawaida, GDA, ina gia tano. Giaboksi ya gia sita ina soko lake pekee, na yapo magari yaliyonyang'anywa giaboksi hiyo yakabakia na jina tu. Breki za Brembo zikaguliwe vivyo hivyo. Kama gari limeishi Mombasa au Kilifi, litazamwe chini kwa taa, mahali shokomzoba zinaposhikia na kwenye kingo za chini ya milango, kwani hewa ya chumvi hula chuma kimyakimya.

Kikomo cha bei kiwekwe kabla ya kukutana, na usikipime kwa kiasi ulichouzia wewe. Kiasi kile kilishalipwa na kimekwisha. Kinachopimwa leo ni hali ya gari, gharama ya kulirudisha katika hali unayoitaka, na bei ya GDB nyingine zinazouzwa. Ukiona jumla imezidi uwezo wako, ondoka bila kutoa amana. Kuchukua mkopo kwa dhamana ya logbuku ya gari lingine ili kulinunua hili ni jambo ambalo sitamshauri mtu, hata kama machozi yanamlengalenga. Mkikubaliana, andikeni mkataba, hakikisha jina la benki halimo kwenye usajili, na usilipe fedha zote mpaka muuzaji aanzishe uhamisho kwenye mfumo nawe uukubali.

Gari likiwa limekufa, au mmiliki akikataa katakata, zipo njia mbili za kweli. Ya kwanza ni GDB nyingine iliyomo nchini, ukiikagua kwa namna ile ile. Ya pili ni STI ya toleo la VAB, ambayo katika soko la Japani iliendelea kutumia injini ya lita 2.0 ya familia ya EJ mpaka toleo la mwisho la magari 555 lililotangazwa mwaka 2019. Kwa hesabu ya miaka minane kama inavyotumika, iliyosajiliwa mara ya kwanza mwaka 2019 inaweza kuingizwa hadi mwisho wa 2026, kwa hiyo anayeitaka asichelewe. Kuvuka mpaka hakusaidii. Tanzania hupokea magari ya zamani kwa ushuru wa ziada wa uchakavu, lakini gari hilo ukilileta Kenya usajili wake utakumbana na kikomo kile kile.

Gari likisharudi kwako, usiliendeshe safari ndefu kabla ya kubadilisha oili na chujio, plagi, maji ya rejeta na mkanda wa taimingi pamoja na roli zake, isipokuwa kama kuna risiti inayothibitisha kwamba vimebadilishwa karibuni. Mkanda huo hubadilishwa kila baada ya takriban kilomita 100,000, na ukikatika valvu hupinda. Pata tathmini ya thamani kutoka kwa mtathmini anayetambuliwa kabla ya kuzungumza na kampuni ya bima, kwani baadhi ya kampuni husita kutoa bima kamili kwa gari la umri huu, na waliokubali wataandika thamani ndogo usipokuwa na karatasi ya kuwaonyesha. Nakala ya tathmini hiyo iweke pamoja na risiti zote, za kwako na za mmiliki aliyekuuzia.