Ming'oko bila nailoni: mwongozo kwa wauzaji wa kando ya barabara

Nauza ming'oko, korosho za kukaanga na maji pale Mnazi Mmoja, Lindi, njia panda ya wanaoingia Lindi mjini, wanaoshuka Mtwara na wanaokata kwenda Masasi. Kwa asiyeijua, ming'oko ni mizizi ya porini, myembamba, inachimbwa, inachemshwa na kuliwa kwa chumvi na pilipili. Msafiri akimaliza kula, dirisha linafunguliwa na nailoni inatoka. Hasira zangu zinaanzia hapo, na nimechoka kuishia kusonya tu.

Nawaandikia wauzaji wenzangu, siwaandikii abiria. Abiria ni mpita njia. Ukimsema huyu leo, kesho anakuja mwingine ambaye hakuwepo. Lakini ile nailoni aliyoitupa hakuja nayo kutoka kwao. Kapewa na sisi, tena tumemfungia fundo wenyewe. Kwa hiyo kazi ianze mezani petu, kabla hatujafika kwenye tabia za watu.

Na msiniambie haiwezekani. Mnakumbuka rambo? Mpaka katikati ya mwaka 2019 ungenunua hata ndimu tatu ukatiwa kwenye rambo. Tarehe 1 Juni 2019 serikali ikapiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea, na mtu wa kawaida akikutwa nao faini inaanzia shilingi 30,000. Tulilalamika wiki chache, tukanunua vikapu, maisha yakaendelea. Kilichobaki ni hivi vifuko vyeupe vya kufungashia, vya karanga, korosho, barafu, ubuyu. Hivi ndivyo vinavyotumaliza.

Anza na chumvi na pilipili. Najua utashangaa, ila mfuko wa ming'oko wenyewe ni mkubwa, unaonekana, mtoto anaweza kuuokota. Kibaya ni kile kipande kidogo cha nailoni tunachokatia pembeni, tunatia chumvi na pilipili ya kusaga, tunakifunga fundo na kukitumbukiza ndani. Abiria anakitoboa kwa meno, anamwagia, anakitema. Hakuna fagio linalokiokota, kinajichanganya na mchanga. Halafu mbuzi wa hapa wanajua kuwa kina chumvi. Wanakilamba, wanakimeza, na nailoni haitoki tumboni kirahisi. Zikijaa, mnyama anavimba, anaacha kula, anakufa. Dawa yake haina gharama: weka chumvi na pilipili kwenye bakuli lenye mfuniko, muulize mteja, "Pilipili nyingi au kidogo?", nyunyiza mwenyewe, ndipo ufunge. Anayetaka kujitilia mwenyewe mwekee kwenye kona ya jani la mgomba, ambalo ndilo litachukua nafasi ya nailoni, ukunje. Mimi naona hata ladha inakolea zaidi, maana chumvi inakuta ming'oko bado ya moto.

Sasa jani lenyewe. Jani bichi la mgomba ukilikunja hivihivi linapasuka kufuata mishipa yake, mteja anamwagikiwa mapajani, na kesho hataki tena kusikia habari za majani. Lazima ulibabue. Kata jani zima, lifute vumbi kwa kitambaa chenye maji, kisha tandaza kisu kibapa ukwangue ule uti wa katikati mpaka ulingane na jani, usiutoboe. Lipitishe juu ya makaa, siyo juu ya moto unaowaka, ukilivuta taratibu kutoka ncha moja hadi nyingine. Utaona rangi inakolea na jani linang'aa kama limepakwa mafuta. Hapo limeiva. Ukilichelewesha linakuwa la kahawia na linakatika. Likipoa, kata vipande vya ukubwa wa daftari lililofunguliwa, vipange kwa kulaliana, vifunike kwa kitambaa chenye unyevu. Nababua alfajiri wakati ming'oko inachemka, moto ni uleule.

Ming'oko ichuje maji vizuri kabla ya kufunga, la sivyo jani linateleza. Weka upande wa jani unaong'aa ndani, kunja kushoto na kulia, kisha ncha mbili ziingie chini. Kamba tumia magome makavu ya mgomba yaliyochanwa na kulowekwa kidogo. Yakiwa makavu yanakatika ukivuta. Mteja akilitupa jani hilo dirishani, na atalitupa, mbuzi atalila au litaoza. Sifurahii kutupa, ila kati ya jani na nailoni, bora jani.

Korosho ni habari nyingine. Jani lina unyevu, korosho inalegea, na korosho iliyolegea hainunuliki. Hapa tumia mfuko wa karatasi ya kaki. Usitumie gazeti, wino unahamia kwenye vitu vya mafuta. Kaki ni ghali kuliko nailoni, nisiwadanganye. Mimi nilichofanya ni kuacha kufunga mapema. Korosho zinakaa kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, juu naweka kisahani cha kuonjesha, na nafunga pale tu mtu anaponunua. Zamani nilifunga pakiti nyingi, jioni zisizouzwa zinafunguliwa na vifuko vinatupwa. Abiria mwenye haraka kaki yake namtilia huku anatafuta hela. Bei ukipandisha, sema wazi kwamba umepandisha kwa ajili ya mfuko. Anayekuja na kopo lake mwongezee kiganja. Madereva wa malori wanaopita kila mara ndio wa kwanza kuizoea biashara hii. Wapo wanaoniachia hotipoti yao asubuhi wakishuka Mtwara niwatilie, wanaipitia wakirudi.

Maji ya chupa sina ujanja nayo, watu wana kiu. Ila tazameni soda ya chupa ya kioo. Umeshawahi kuiona imetupwa mtaroni? Muuzaji anakusimamia mpaka uimalize, kwa sababu chupa ina thamani yake na kreti lazima lirudi limejaa. Chupa ya plastiki nayo ina thamani, tatizo inaonekana baadaye. Waokota chupa wanaziuza kwa kilo, na zile kubwa za lita moja na nusu zinatafutwa na wauza asali na mafuta ya nazi. (Iliyotiwa petroli usiirudishe kwenye chakula hata uioshe vipi.) Kwa hiyo tundika kiroba kimoja cha chupa tupu, maji yamwagwe kwanza, chupa ikanyagwe ilale. Yule kijana anayepita kuokota akijua kwako zipo safi na hazijachanganyika na mabaki ya samaki, atakuja mwenyewe, humtafuti.

Kiroba hicho kisikae nyuma ya meza yako. Kiwe pale mlango wa basi unapofungukia, kwenye usawa wa mkono wa mtu anayeshuka. Wengi wanaweka pipa pembeni kabisa "lisiharibu mandhari", kisha wanashangaa hakuna anayelifikia. Basi linasimama dakika chache, mtu anataka chooni na kula, hatatembea kutafuta pipa.

Wanaobaki ndani ya basi ndio wenye madirisha. Hawa uwafuate. Mkono mmoja bidhaa, mkono mwingine ndoo. Kabla dereva hajapiga honi ya kuondoka, pita chini ya madirisha: "Shemeji, nipe hayo maganda yasikuchafulie. Mama, chupa hiyo imeisha? Shikamoo mzee wangu, niletee na hiyo." Wanatoa vyote, hata vya tangu Nangurukuru kule Kilwa. Mtu yuleyule ambaye angetupa, akiombwa kwa heshima anakupa na kukushukuru, na mara nyingine ananunua tena. Ukimfokea, "Mbona mnatuchafulia?", anafunga dirisha na anatupa mbele ya safari. Kumwambia mzee mbele ya wanawe kwamba ni mchafu ni kumvunjia adabu, na hutapata chochote zaidi ya maneno.

Makonda ni kazi ngumu zaidi. Wapo wanaotundika mfuko wa taka ndani ya basi, wakausimamia vizuri, halafu wakaumwaga porini tukiwaona. Ongea na konda peke yake, siyo mbele ya abiria, umwambie amwage kwako. Mpe chai. Akizoea, atawaambia wenzake.

Sasa umejikusanyia taka za watu, uzipeleke wapi? Usichome. Najua ndiyo mazoea, jioni kila mtu na kamoto kake. Plastiki iliyochanganyika ikichomwa inatoa moshi wenye sumu, dioksini ikiwamo, na moshi huo unatua juu ya chakula utakachouza. Tenga mara moja tu, palepale kwenye ndoo: vya kuoza upande mmoja, chupa upande mwingine, uchafu uliobaki kwenye kiroba cha kupeleka jalalani. Maganda ya ming'oko wape mbuzi. Maganda ya muhogo mchungu yaanike kwanza, mabichi yana sumu. Mabaki mengine fukia kwenye shimo la mbolea; ardhi yetu ya kichanga inayahitaji. Wauzaji wa mstari mmoja changeni hela ya guta la kupeleka kiroba jalalani, mpeane zamu, na mwenyekiti wa mtaa ajue nani ana zamu.

Fanyeni hivi kabla ya Desemba. Mvua za huku zikishaanza, kila kilichoko mtaroni kinateremka kwenye mto Lukuledi, kinanasa kwenye mikoko, kinaingia ghuba ya Lindi, na wanawake wanaotanda uduvi wanavua nailoni zetu. Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi naushiriki, ila nisiseme uongo: tunafagia asubuhi, tunapigwa picha, mchana basi la kwanza linarudisha kila kitu. Fagio halishindani na meza inayogawa nailoni kutwa nzima.

Jambo la mwisho ni majani yenyewe. Kiangazi, kuanzia Agosti hivi, migomba inachakaa na majani yanachanika kwa upepo. Ongea mapema na mwenye shamba la bondeni, kunakobaki unyevu, umlipe kwa mzigo, na mwombe akate majani ya chini tu, mgomba usidhoofike. Siku yasipopatikana, uza ming'oko kwenye sahani, mteja ale amesimama, urudishiwe sahani yako kabla honi haijalia.