Kutoa Moshi wa Jenereta Nje ya Gari la Kambi kwa Usalama

Wakazi wengi wa Nairobi wanaogeuza HiAce au lori dogo kuwa gari la kulala kwa safari za Naivasha, Magadi au Maasai Mara huanza na kitanda, wakaendelea na jiko na taa, kisha jenereta ikapachikwa mwisho, mahali popote palipobaki wazi. Mpangilio huo unafaa kugeuzwa. Mahali moshi utakapotokea ndipo panapopasa kuamuliwa kwanza, kwa sababu kitanda kinaweza kuhamishwa kwa spana na kazi ya nusu saa, ilhali bomba la moshi lililoishia chini ya dirisha la kulalia ni hatari inayorudi kila jenereta inapowashwa.

Hatari yenyewe ni kaboni monoksaidi, gesi ile ile inayoua watu wanaoingiza jiko la makaa katika chumba kilichofungwa wakati wa baridi. Haina rangi wala harufu, na uzito wake unakaribiana sana na wa hewa, kwa hiyo haitui sakafuni wala haikusanyiki darini, bali huchanganyika na hewa yote iliyomo. Ikishaingia mapafuni hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200, na damu huendelea kuzunguka bila kubeba kile ambacho ubongo na moyo vinahitaji. Dalili za mwanzo ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na udhaifu wa mwili, lakini aliyelala hazitambui. Kwa sababu hiyo pua haifai kuwa kipimo, hata kwa fundi mzoefu.

Mwinuko wa Nairobi na mchanganyiko wa petroli

Jambo hili halizungumzwi vya kutosha. Jenereta nyingi za petroli hutoka kiwandani zikiwa zimerekebishwa kwa maeneo ya chini, karibu na usawa wa bahari. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa huo, Naivasha iko juu zaidi kidogo, na upande wa Limuru mwinuko unapita mita 2,000. Hewa ya huku ni nyepesi, lakini kabureta ya kawaida, ile sehemu inayochanganya petroli na hewa, haina namna ya kulijua hilo. Huendelea kumimina petroli karibu ile ile ya pwani, na mchanganyiko ukawa na petroli nyingi kuliko oksijeni iliyopo. Petroli isiyopata oksijeni ya kutosha haiungui kikamilifu, na hapo ndipo kaboni monoksaidi inapoongezeka. Injini nayo hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko, kwa hiyo jenereta ya kilowati 2 ikiwa Nairobi hutoa karibu kilowati 1.6, na anayeidai kilowati mbili kamili huilazimisha kuhangaika na kutoa moshi mzito zaidi.

Kabla ya kufikiria bomba, basi, fungua plagi ya injini, ile inayotoa cheche, uitazame. Ikiwa imefunikwa masizi makavu na meusi, mchanganyiko una petroli nyingi mno. Anza na kichujio cha hewa, kwa sababu vumbi la barabara za Magadi na Narok hukiziba haraka na kuleta tatizo lile lile. Kichujio kikiwa safi na masizi yakaendelea, muulize muuzaji wa jenereta yako jeti ya kabureta (kipande chenye tundu dogo linalopima petroli) ya maeneo ya mwinuko, kisha aibadilishe fundi anayeijua kazi hiyo. Ihifadhi ile ya awali ndani ya gari, kwa kuwa ukishuka Mombasa ukiwa na jeti ya mwinuko mchanganyiko utakuwa na petroli chache mno, na injini itachemka kupita kiasi hadi kuharibika. Jenereta zinazopuliza petroli kwa mfumo wa kielektroniki hujirekebisha zenyewe, nazo ni ghali. Hata hivyo, marekebisho haya hupunguza gesi tu. Hakuna jenereta ya petroli au dizeli ambayo moshi wake unafaa kuvutwa.

Jenereta ya kubebeka: refusha waya, si bomba

Ikiwa jenereta yako ni ile ndogo yenye mpini, ushauri wangu ni kwamba usiifungie bomba lolote. Ishushe, iweke angalau mita 6 kutoka kwenye gari, na moshi wake uelekee mbali na gari lako, mahema na majirani. Nunua waya wa nje wenye nyuzi tatu za milimita mraba 2.5, urefu wa mita 10 au 15, na uukunjue wote kutoka kwenye kibiringo chake, kwa maana waya uliokunjwa hupata joto unapobeba umeme mwingi. Wengi huiacha jenereta karibu na mlango kwa kuhofia wezi, na hofu hiyo ina msingi, lakini dawa yake ni mnyororo mnene na kufuli kwenye mti au chuma kilichokita ardhini, si kuilaza chini ya gari. Usiiwashe kamwe ikiwa ndani ya sanduku la nyuma, hata milango ya sanduku ikiwa wazi. Itakosa hewa ya kupoa, na moshi utaingia ndani kupitia maungio ya bodi.

Jenereta iliyofungwa ndani ya gari

Hapa ndipo kazi ya bomba inapohitajika. Chumba cha jenereta kijengwe kwa bati la chuma lililounganishwa bila kuacha nyufa upande wa ndani ya gari, na kiwe na njia mbili zilizo wazi kwenda nje, moja ya hewa baridi kuingia na nyingine ya hewa moto kutoka. Mlango wa kukihudumia ufunguke kwa nje. Plaiwudi haifai kuwa ukuta wake, kwa sababu hupitisha gesi kwenye maungio na inaweza kushika moto.

Bomba lenyewe liwe la chuma. Mafundi wa kuchomelea wa Kariobangi Light Industries au wa Kamukunji wanaweza kulitengeneza vizuri, na vipande vya ekzosi za magari hupatikana kwa urahisi Kirinyaga Road, ila ni sharti wewe mwenyewe ujue unachotaka. Kataa bomba la plastiki la maji, kwa kuwa moshi unaotoka kwenye sailensa una joto la mamia ya nyuzi na utalilegeza muda si mrefu. Kataa pia bomba la maji lililopakwa zinki, kwa sababu zinki ikichomwa hutoa moshi unaomletea fundi homa, na huambuka kwa joto la ekzosi. Kipenyo cha bomba kisipungue kile cha tundu la jenereta, na bomba likiwa refu ni bora kipenyo kiongezwe kidogo. Kila kona ya ghafla huuzuia moshi na kuurudisha kwenye injini, kwa hiyo mwambie fundi apinde kwa mapana na apunguze kona kadiri awezavyo.

Jenereta hukaa juu ya raba na hutikisika muda wote, ilhali bodi ya gari haitikisiki kwa namna ile ile. Bomba gumu lililofungwa kwa vyote viwili hupasuka kwenye maungio, na ufa huo huwa chini ya sakafu, mahali usipouona. Weka kipande cha fleksi cha chuma, yaani bomba linalonyumbulika, baada tu ya sailensa, kisha uzito wote wa bomba ubebwe na breketi zilizofungwa kwenye chasi, si na jenereta. Lipitishe mbali na tairi, mpira wa breki, bomba la petroli na mpira wa gesi ya kupikia. Pale ambapo nafasi ni finyu, weka bati la kukinga joto lenye mwanya wa hewa nyuma yake.

Moshi usiishie chini ya gari. Ukiishia hapo hujikusanya chini ya sakafu na kutafuta tundu la waya au la mfereji. Bomba lipite ukingo wa bodi angalau kwa sentimita mbili na nusu, wala mdomo wake usiwe chini ya dirisha, mlango au tundu la hewa linaloweza kufunguliwa. Katika HiAce, ambayo madirisha yake yamejaa kila upande, sharti hilo karibu haliwezekani, ndiyo maana napendelea bomba la kusimama linalopandisha moshi juu ya paa. Hushikizwa ubavuni gari likiwa limeegeshwa, nalo huondolewa kabla ya safari, la sivyo litang'olewa na kizuizi cha kwanza cha maegesho yenye paa. Mdomo wake upite paa kwa angalau sentimita 30 na uwe mbali na feni ya paa. Ukate mshazari ili mvua isiingie moja kwa moja, na uweke tundu dogo la kutolea maji katika sehemu ya chini kabisa ya bomba, nje ya bodi, kwa kuwa moshi unapopoa hutoa maji ambayo yakirudi kwenye injini huiharibu.

Kuna namna mbili za kuunganisha bomba hilo la kusimama na mdomo wa ekzosi. Ya kwanza ni kulikaza kwa klipu na gasketi, njia ambayo haivuji ikifanywa vizuri lakini huongeza mzigo kwa injini. Ya pili ni kulifanya bomba la kusimama liwe pana zaidi na kuupokea mdomo wa ekzosi bila kugusana nao. Mwendo wa moshi huvuta hewa baridi kupitia mwanya uliobaki, moshi ukapoa na kupanda, na injini haihisi uzito wowote. Namna hii ya pili ni nzuri mradi mwanya huo uwe nje ya bodi kabisa, na mtu akumbuke kwamba upepo mkali unaweza kuurudisha nje kiasi fulani cha moshi pale chini.

Kuziba na kujaribu

Bomba bora halitakusaidia ikiwa sakafu ina matundu. Ingia chini ya gari mchana, mwenzako akae ndani akiwa amefunika madirisha kwa blanketi, na umulike kwa tochi kali. Kila mahali anapoona mwanga panahitaji raba ya tundu au silikoni inayostahimili joto. Raba za mlango wa nyuma zikaguliwe kwa kubana karatasi mlangoni: ikichomoka bila kukaza, raba imekwisha.

Kwa maungio ya bomba, washa jenereta ikiwa baridi, pakaza maji ya sabuni, kisha umwombe mtu aliyevaa glavu nene azibe mdomo wa bomba kwa kitambaa kwa sekunde chache tu. Mapovu au mlio wa kufoka huonyesha panapovuja. Baada ya miezi kadhaa ya matumizi utaangalia alama nyeusi za masizi kwenye maungio, ambazo husema jambo lile lile. Jaribio hili lifanyike uwanjani, si katika maegesho ya chini ya jengo la ghorofa.

Feni ya paa inayotoa hewa nje inahitaji tahadhari ya pekee. Inapozunguka, hewa ya kujaza nafasi hiyo lazima itoke mahali fulani, na ikiwa dirisha pekee lililo wazi liko upande wa ekzosi, feni itauvuta moshi ndani. Unaweza kuliona hili jenereta ikiwa imezimwa na imepoa, petroli ikiwa mbali: washa kijiti cha udi, ukishike nje ya kila dirisha na mwanya wakati feni inazunguka, utazame moshi wake unaelekea wapi.

Kuegesha

Upepo wa Nairobi huvuma mara nyingi kutoka upande wa mashariki, lakini kambini amini majani na vumbi kuliko mazoea. Elekeza gari ili upepo uuchukue moshi mbali nalo. Ikiwa ekzosi iko nyuma na pua ya gari inaukabili upepo, kumbuka kwamba hewa huzunguka nyuma ya gari na kurudi, kwa hiyo mlango wa nyuma ubaki umefungwa. Usiegeshe kati ya ukuta na gari jingine. Usiku mtulivu ndani ya Bonde la Ufa moshi hukaa palepale ulipotoka, na kwa usiku wa namna hiyo, kama kwa usiku wowote ambao watu wamelala, jenereta izimwe. Chaji betri jioni, kisha taa na friji zitumie betri hadi asubuhi.

Kengele na dharura

Nunua kengele ya kaboni monoksaidi yenye alama ya EN 50291-2, ambayo ni kwa ajili ya magari ya kulala na mashua, na usome tarehe ya mwisho ya matumizi iliyoandikwa nyuma. Iweke ukutani karibu na kitanda, kwa kimo cha kichwa cha aliyelala. Ile ya gesi ya kupikia ndiyo inayowekwa karibu na sakafu, kwa kuwa gesi hiyo ni nzito. Kengele ya kaboni monoksaidi hulia ndani ya dakika 3 kiwango kikifika sehemu 300 katika milioni, lakini kwa sehemu 50 inaweza kukaa kimya kwa saa nzima au zaidi, ndiyo maana yenye kioo cha kuonyesha tarakimu inastahili bei yake.

Ikilia, au mtu akilalamika kichwa, toeni watu wote nje kwanza na muwahesabu, kisha jenereta izimwe bila mtu kuingia tena ndani. Pigeni 999 au 112. Aliyeathirika apelekwe hospitali hata akisema amepata nafuu, kwa sababu katika hewa ya kawaida nusu ya gesi hiyo huchukua takriban saa 4 hadi 5 kutoka katika damu, muda unaopungua sana anapopewa oksijeni. Mwelezeni daktari waziwazi kwamba kulikuwa na moshi wa jenereta, kwa maana kile kipimo cha kubana kidoleni hakiwezi kutofautisha gesi hii na oksijeni, na kinaweza kuonyesha asilimia 98 kwa mtu aliye hatarini.